Mtumishi na Mtumwa

Kitabu ninachotaka kukizungumzia kina jina linalonikera, na afadhali niseme hivyo sasa kabla sijaanza kukisifu. Kimeandikwa kwa Kiingereza na Steven Paas, mwanateolojia wa Uholanzi aliyewahi kufundisha Malawi na ambaye pia ametunga kamusi ya Chichewa. Kilitoka mwaka 2011. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa hivi: Johannes Rebmann, Mtumishi wa Mungu Afrika Kabla ya Kuinuka kwa Ukoloni wa Magharibi. Refu kama foleni ya feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Lakini urefu si neno. Kinachonikera ni hilo "mtumishi", na nitalirudia baada ya kumtambulisha mwenye kitabu chake.

Rebmann alizaliwa 1820 Gerlingen, karibu na Stuttgart. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na CMS ya Uingereza. Yaani Mlutheri wa Württemberg, aliyefundishwa katika mji wa Waprotestanti wa mkondo wa Calvin, akatumwa na Waanglikana. Hapa kwetu mchanganyiko huo hautushangazi, maana ukitembea kutoka Kongowea hadi Bamburi asubuhi ya Jumapili utasikia vipaza sauti vya madhehebu mengi kuliko hayo. Alifika Mombasa 1846 kumfuata Johann Ludwig Krapf, aliyetangulia 1844 na ambaye mwaka huohuo, mwezi wa Julai, alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga huku bara, upande wa Nyali. Kaburi lipo hadi leo. Krapf alirudi Ulaya baada ya miaka michache. Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, miaka 29, akaondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Watoto wetu shuleni wanamjua kwa sentensi moja: mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848. Sentensi hiyo ina kasoro yake ambayo kila mwanafunzi huicheka. Ila ndani ya habari yenyewe kuna jambo zuri ambalo hatulifundishi. Rebmann alipouliza ule weupe ulioko kileleni ni kitu gani, mwongozaji wake wa pwani alimjibu kwamba hajui ila anadhani ni baridi. Baridi! Mtu wa Mombasa, ambaye hajawahi kuona theluji maishani mwake, alijibu kwa neno la karibu kabisa alilokuwa nalo, na akapatia. Huko London msomi mmoja wa jiografia, W. D. Cooley, alikaa na vitabu vyake akakataa katakata kwamba panaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na 1852 alikuwa bado anabisha kwa maandishi. Ubishi huo umeandikwa sana kama kisa cha Rebmann kutoaminiwa. Mimi nikiusoma namwona yule mwongozaji naye hakuaminiwa, tena yeye hata hakuulizwa.

Sasa, utafiti wa miaka ya karibuni juu ya wamisionari hawa wawili umeongezeka kuliko wengi wetu tunavyojua, kwa sababu sehemu kubwa imeandikwa kwa Kijerumani. Clemens Gütl alitoa kitabu juu ya Krapf mwaka 2001, akimweka kati ya ndoto za kidini za Württemberg na hali halisi ya Afrika. Jochen Eber akatoa chake 2006, akimwita Krapf mtangulizi wa Kiswabia katika Afrika Mashariki. Halafu Paas akamleta Rebmann, ambaye siku zote alikuwa kivuli cha mwenzake. Kila mmoja ana namna yake, ila wote, na wengine wengi waliotangulia, wanazunguka swali lilelile: Je, watu hawa walikuwa watangulizi wa ukoloni au hawakuwa?

Paas amelijibu kwenye jalada. Anasema "kabla ya kuinuka kwa ukoloni". Maana yake, usimhukumu Rebmann kwa makosa ya waliokuja nyuma yake. Ni hoja inayosimama. Rebmann hakuja na bendera wala bunduki; alikaa kilimani Rabai akifundisha watu wachache mno, na ukihesabu waliobatizwa katika miaka yake yote, wakuu wa misheni ya leo wangemfunga ofisi. Krapf alitaka mnyororo wa vituo vya misheni ukatize bara zima. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja na kusubiri.

Hata hivyo ninapousoma ubishi huu nikiwa Kisauni, nyumba chache kutoka stejini Kengeleni, nahisi kama mtu aliyekaa varandani anasikiliza jirani zake wakigombania urithi wa baba yao. Ni ugomvi wa kweli, na urithi ni wa kweli. Lakini ni wao kwa wao. Swali la kama Rebmann alikuwa na hatia au la ni swali la Ulaya kuhusu Ulaya. Lililonifanya nikisome kitabu cha Paas hadi mwisho ni kurasa kama kumi na mbili hivi zilizowekwa huko nyuma, zisizoandikwa na Paas mwenyewe. Zimeandikwa na Andrew Goodson, na sura hiyo inaitwa "Chichewa cha Salimini".

Niliposoma kichwa hicho niliweka simu chini. Nilikuwa kwenye matatu, tumekwama pale Nyali kwa mvua, na jirani yangu akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Ili uelewe kwa nini, lazima nieleze kamusi. Rebmann alikuwa mwandishi wa ajabu: aliandika muda wote na karibu hakuchapisha kitu. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilitoka 1876, mwaka aliokufa. Kamusi ya Kinyika aliyoifanya pamoja na Krapf ilitoka 1887, yeye na Krapf wote wakiwa kaburini. Na kati ya hizo, 1877, ikatoka kamusi ya lugha iliyoitwa kwenye jalada "Kiniassa", Krapf ndiye aliyeisimamia ikachapishwa huko Basel. Kazi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imefanyika zaidi ya miaka ishirini nyuma, 1853 na 1854, hapahapa, kati ya Mombasa na Rabai. Rebmann hakuwahi kufika Ziwa Nyasa. Hakuhitaji. Ziwa Nyasa lilikuwa limeletwa Mombasa, likiwa limefungwa kamba.

Mtu aliyempa lugha hiyo alikuwa mtumwa. Alikuwa ametekwa kwao, nchi inayoitwa leo Malawi, miaka kumi hivi kabla ya kuanza kukaa na Rebmann na kalamu. Jina analojulikana nalo ni la Kiswahili: Salimini. Alitoka mahali paitwapo Mphande, inaonekana ni upande wa Lilongwe. Ukipiga hesabu, alitekwa karibu na mwaka uleule ambao Krapf alikuwa anashuka chomboni Mombasa na barua ya Sayyid Said mkononi. Mmoja anaingia kutoka baharini na barua, mwingine anaingia kutoka bara bila jina lake.

Goodson alifanya jambo ambalo ni dogo ukilitazama kwa haraka. Badala ya kuuliza Rebmann alikuwa mtaalamu wa kiwango gani, aliuliza Salimini alisema lugha gani hasa. Lahaja ipi? Ya wapi? Aliuchukua mkono wa Mjerumani kama dirisha tu, akachungulia ndani kumsikiliza aliyekuwa anazungumza. Akampa umiliki kwa neno moja la kisarufi, kile "cha" kwenye kichwa cha sura. Chichewa cha Salimini. Nimesoma makala nyingi za wanaisimu kuhusu kamusi za wamisionari wa pwani hii, kuanzia kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf iliyotoka 1882 hadi Canon Binns alipoipanga upya 1925. Katika makala hizo wenyeji huitwa "watoa habari". Utadhani habari ni maji ya bomba, unafungua unakinga.

Na Salimini hakuwa bomba. Hapo ndipo palipo na utajiri wa jambo hili, naomba nipakae kidogo. Kamusi inaonyesha kwamba alikuwa akitenganisha lugha yake na ya jirani zake. Ya kwao aliiita Kikamtunda, lugha ya nyanda za juu. Ya watu wa kusini zaidi aliiita Kimaravi. Na alitoa mifano. Kuna mti ambao Wamaravi, alisema, huuita mombo. Yeye na watu wake huuita kamphoni.

Hebu fikiria kikao chenyewe. Mzungu ameketi, ana wino na karatasi, ana haraka ya kuijua "lugha ya Nyasa" kwa sababu wakati huo wamisionari wa Rabai wanaota kuingia bara na wanakusanya habari za ziwa kutoka kwa kila mfanyabiashara na kila mateka. (Miaka miwili baadaye, habari hizohizo zilichorwa na Rebmann na mwenzake Erhardt kuwa ramani yenye ziwa moja kubwa mno, limelala katikati ya Afrika kama konokono asiye na gamba, ramani iliyochekwa, na iliyowafanya Burton na Speke wafunge safari 1857.) Mzungu anataka neno la mti. Mbele yake amekaa mtu ambaye kisheria ni mali. Anayeweza kuuzwa kesho. Mtu huyo angeweza kusema neno lolote akamaliza kazi akaenda zake. Badala yake anasema: hapana, kuna wanaosema hivi, sisi twasema hivi.

Miaka kumi mbali na Mphande, na bado "sisi" yake iko mahali pake. Hiyo si habari inayotolewa. Hiyo ni kazi ya msomi: kutenganisha, kulinganisha, kukataa jibu la jumla kwa swali la jumla. Ningekuwa mimi ndiye mhariri wa Krapf mwaka 1877, jalada lingekuwa na majina mawili.

Angalia pia jina la lugha lilivyo. Mwenye lugha yake leo, kule Malawi, husema Chichewa au Chinyanja, kwa "Chi". Kamusi inasema Kiniassa, Kikamtunda, Kimaravi, kwa "Ki". Hiyo "Ki" ni yetu. Inatuambia mazungumzo yalipitia Kiswahili. Mjerumani na Mnyasa walikutana katika lugha ambayo haikuwa ya mama wa yeyote kati yao, na lugha hiyo ikaacha alama ya kidole chake kwenye jalada. Goodson, ambaye macho yake yako Malawi, hana sababu ya kukaa sana hapo. Sisi tunayo. Kiswahili cha Mombasa wakati huo kilikuwa lugha ya tenzi, ya kadhi na ya biashara, tunapenda kusema hivyo na ni kweli. Kilikuwa pia lugha aliyopewa mtu pamoja na jina jipya. Sijui kwa nini tunaona haya kusema yote mawili kwa pumzi moja.

Kuna mwenzake Salimini katika historia ya lugha hiyohiyo, na nikiwaweka pamoja huwa nacheka kisha naacha kucheka. Mwaka 1937 Mark Hanna Watkins, Mmarekani mweusi, alitoa sarufi ya Chichewa. Aliyempa lugha alikuwa mwanafunzi kutoka Nyasaland aliyekuwa akisoma Chicago, jina lake Kamuzu Banda. Huyo akaja kuwa rais wa Malawi, na mwaka 1968 serikali yake ikaamua lugha ya taifa iitwe Chichewa. Kazi ni ileile: kukaa na mtu mwenye kalamu, kueleza lugha ya mama. Mmoja akapewa noti zenye sura yake. Mwingine akasubiri hadi 2011 kupewa sura ya kitabu.

Narudi kwenye jalada. Kwa Kiingereza maneno mawili yale, la mtumishi na la mtumwa, hayafanani, na msomaji anaweza kumaliza kitabu kizima bila kugongana na lolote. Kwa Kiswahili haiwezekani. Mtumishi, mtumwa, na mtume pia, wote wametoka kwenye kitenzi kimoja, kutuma. Mtume ametumwa na Mungu. Mtumishi hutumika. Mtumwa hutumwa, kwisha. Watafsiri wa Biblia wamehangaika na ujirani huu tangu zamani: mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, Biblia ya Muungano ya 1952 inamwita Paulo mtumwa wa Kristo, na ile ya Habari Njema ikaona bora imwite mtumishi. Bibi yangu, aliyelelewa kanisani Frere Town, hakulipenda lile la kwanza. Alipolifikia alilisoma haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Kwa hiyo kitabu cha Paas, kikitafsiriwa kwa Kiswahili, kitakuwa na mtumishi juu ya jalada na mtumwa ukurasa wa 239, na tafsiri yenyewe itakuwa imekihukumu bila mtu kusema neno. Rebmann ni mtumishi kwa kupenda kwake. Aliuchagua utumishi, akausomea, akaupa maisha na macho yake. Sikejeli, miaka 29 Rabai si mchezo, na mkewe Emma amezikwa huko. Lakini alikuwa na kitu cha kutoa. Salimini hakuulizwa, na kile alichotoa kimeandikwa chini ya jina la mtumishi. Hili ndilo ningependa Paas angelikabili mwenyewe, kwa sura nzima, katikati ya kitabu na si kwa mgeni aliyealikwa mwishoni. Mwanateolojia angekuwa na mengi ya kusema hapo. Mtu anayemtumikia Mungu anapojifunza lugha kutoka kwa mtu anayemtumikia mtu, ni nani hapo anayehubiriwa? Paas ni mtunzi wa kamusi. Anaujua uzito wa anayekaa upande wa pili wa meza kuliko wengi. Amemfungulia Salimini mlango, hilo namshukuru, ila amemkalisha barazani.

Na Goodson? Kwake lawama yangu ni nyepesi. Yeye ni mwanaisimu, anamhitaji Salimini kama shahidi wa Chichewa cha miaka ya 1840, na ni shahidi adimu. Kazi yake ni safi. Lakini shahidi akimaliza kutoa ushahidi huambiwa ashuke kizimbani, na hatujui tena habari zake. Mtu anayesoma sura hiyo akiwa Lilongwe atafurahi kupata babu wa lugha yake. Akiisoma akiwa Kisauni anauliza maswali mengine.

Maana Kisauni hii, kabla ya maduka ya Nyali na magorofa ya kupangisha, ilikuwa Frere Town. Rebmann alipokuwa anafungasha kuondoka 1875, CMS walikuwa wanaanza hapa kijiji cha watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, baada ya mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Zanzibar. Kengele ambayo imelipa jina steji letu ni ya kijiji hicho. Ilipigwa, wazee husema, kila majahazi yalipoonekana. Walioletwa walikuwa Wanyasa, Wayao, Wamakua na wengine. James Mbotela aliandika habari za wazazi hao katika Uhuru wa Watumwa, 1934, kitabu tulichosoma sote na ambacho kina shukrani nyingi kuliko maswali. Nimewahi kukisema vibaya kitabu hicho hadharani. Siku hizi nakionea huruma: mtu anayekaa kwenye ardhi ya misheni, anayeandika kwa kibali cha misheni, ataulizia nini?

Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, afisa alinitazama fomu yangu akauliza kabila. Nikamwambia babu zangu ni watu wa Frere Town. Akasema, "Hiyo ni steji, kijana. Kabila." Nikasema basi, labda Wanyasa. Akacheka, akasema hao ni wa Malawi, wataka kurudishwa? Akaandika kitu cha karibu karibu ili foleni isogee. Nimekibeba kitu hicho mfukoni hadi leo.

Nilimwuliza bibi. Hakupenda maswali ya asili, na kwa umri wake namwelewa. Kulikuwa na wakati ambapo kuitwa Mnyasa katika mtaa huu lilikuwa tusi la kuanzia ngumi. "Mjukuu wangu, hayo yashapita. Wewe ni mtoto wa hapa. Wataka nini tena?" Nikamwambia nataka neno moja tu la kwao. Akafikiri, akasema, "Sima." Nilikwenda nayo mbio. Kule Malawi ugali ni nsima! Nilikuwa nimeshaanza kuandika insha kichwani, hadi rafiki yangu wa Jomvu akanikumbusha kwamba Mombasa nzima husema sima, na yeye mwenyewe amekula sima mchana. Sikuandika insha.

Ndiyo maana niliposhusha kamusi ya 1877 kwenye simu, maana sasa imechanganuliwa na ni ya bure, niliifungua kwa tahadhari. Kuna kishawishi cha kuisoma kama cheti cha ukoo. Siyo. Salimini alitekwa miaka thelathini kabla ya Frere Town kuwepo. Hakuna ushahidi kwamba ni babu wa mtu yeyote hapa, na watu wa kijiji hiki walitoka pembe nyingi za bara, wengine mbali kabisa na Lilongwe. Kinachonivuta ni kingine. Katika vitabu vya misheni, watu wetu wa zamani huonekana wakiokolewa, wakibatizwa, wakishukuru, wakifa kwa homa. Katika kamusi hii, kwa mara ya kwanza, namwona mmoja wao akisahihisha.

Miti, kwa mfano. Ukipita msitu wa Arabuko Sokoke kwenda Malindi, dereva akiwa na subira, utaona sehemu yenye mirihi, miti yenye majani mekundu-mekundu yanapochipua. Wataalamu wa misitu wanasema ni jamaa ya miombo ya kusini, kule Malawi na Zambia. Kwa sikio la Mswahili, mombo wa Wamaravi hauko mbali na miombo. Nilipopita huko mwezi uliopita nilijikuta nikijiuliza Salimini angeuita nini mti huu, na kama angekubali kwamba ni mti uleule. Nadhani angebisha kwanza.

Watafiti waliobaki wana kazi hapa, na haihitaji ruzuku kubwa. Kamusi zote tatu kubwa za Rabai na Mombasa, ya Kiniassa, ya Kinyika na ya Kiswahili, zisomwe upya kwa swali la Goodson: hiki ni cha nani? Krapf katika kamusi ya Kiswahili anatia alama maneno aliyoyapata kwa Rebmann na kwa Steere, wazungu wenzake. Kwa wazee wa Rabai hakuweka herufi. Tunajua kwamba Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhidin, mtu wa Barawa aliyekuwa kadhi Mombasa. Kadhi! Ni sura ngapi za vitabu zimeandikwa juu ya Mlutheri huyu na imani yake, na ni ngapi juu ya mwanachuoni wa Kiislamu aliyeketi akamchagulia maneno ya kuumbwa kwa ulimwengu? Kwa Salimini angalau tuna kurasa kumi na mbili. Na hata hizo zilipatikana kwa sababu Malawi ina watu wanaoipenda lugha yao kiasi cha kuifuata hadi Rabai.

Bibi alifariki mwaka juzi. Karibu na mwisho alikuwa akiwaita watu ambao hatukuwajua, na mmoja alimwita "agogo". Shangazi alidhani anazungumzia gogo, kuna gogo la mwembe uani ambalo alikuwa akililalamikia, tukalitoa siku hiyohiyo ili atulie. Hakutulia. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba Malawi neno hilo ni la kumwitia bibi au babu, kwa heshima.

Kamusi ninayo kwenye simu. Neno hilo bado sijalitafuta humo.